Idadi Haina Majina: Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Tarime na Serengeti

Kwa Waheshimiwa Madiwani wa Halmashauri ya Wilaya ya Tarime, Halmashauri ya Mji wa Tarime na Halmashauri ya Wilaya ya Serengeti;
Kwa Wakurugenzi Watendaji, maafisa elimu, maafisa ustawi wa jamii na maafisa TEHAMA;
Kwa watendaji wa kata na wa vijiji.

Waheshimiwa na ndugu zangu,

Ninawaandikia kuhusu madaftari. Ofisi zenu zinayo mengi: daftari la wakazi wa kijiji, rejesta za shule, kumbukumbu za kliniki ya mama na mtoto, orodha ya kaya zinazopata ruzuku ya TASAF, orodha ya anwani za makazi. Mengine yako kwenye karatasi, mengine yameshaingia kwenye kompyuta. Tangu vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022 vigawiwe kwa walimu, hata shule ya pembezoni inaweza kuwa na mashine ya kutunzia majina.

Mimi ni mwalimu wa hisabati mkoani Mara. Ninaomba tuyapange madaftari haya yawe seti, kwa maana ileile anayofundishwa mwanafunzi wa Kidato cha Pili, ili yaweze kujibu swali ambalo kwa sasa hayalijibu: nani hayupo?

Ninauliza hivyo kwa ajili ya mabinti zetu. Ukeketaji katika koo za Wakurya hufanyika zaidi mwezi Desemba, shule zikiwa zimefungwa, na kwa desturi miaka ya namba shufwa ndiyo miaka ya msimu wa ukeketaji. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilifanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya umri wa miaka 18 kuwa kosa la jinai, lenye kifungo cha kuanzia miaka 5 hadi 15. Pamoja na sheria hiyo, utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015/16 ulionyesha kuwa wanawake 32 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 mkoani Mara walikuwa wamekeketwa, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa 10. Shule zinapofunguliwa Januari wako wanaorudi darasani na wako wasiorudi. Msichana anayebaki nyumbani baada ya kukeketwa mara nyingi anaandaliwa kuolewa. Siku za kumfikia ni chache, na zinapita huku ofisi zikisubiri jumla ya kata na jumla ya wilaya.

Jumla zinalingana, watoto hawalingani

Nadharia ya seti ilianzishwa na Georg Cantor, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Halle nchini Ujerumani, kuanzia andiko lake la mwaka 1874. Kiini chake ni chepesi. Seti ni mkusanyo wa vitu vinavyoweza kutofautishwa kimoja na kingine, na kinachoitambulisha seti ni memba wake tu. Seti mbili ni sawa pale ambapo kila memba wa ya kwanza yumo katika ya pili, na kila memba wa ya pili yumo katika ya kwanza. Nani ametangulia kuandikwa si hoja. Aliyeandikwa mara tatu ni memba mmoja tu.

Kutokana na kanuni hiyo, idadi ya memba ni sifa moja tu kati ya sifa za seti. Seti mbili zinaweza kuwa na idadi ileile bila kuwa na memba hata mmoja wa pamoja. Tuchukue darasa la mfano. Novemba, Darasa la Sita lina wasichana 42. Januari, Darasa la Saba lina wasichana 42. Mwalimu Mkuu anajaza fomu, Afisa Elimu Kata anajumlisha, na wilaya inapokea taarifa kuwa hakuna upungufu. Lakini wasichana 3 wamehamia kutoka shule ya jirani, na wasichana 3 waliokuwapo Novemba hawajaonekana. Hakuna aliyedanganya katika fomu ile, na watoto 3 hawamo katika macho ya serikali.

Hesabu ya kutoa inasema 42 toa 42 ni sifuri. Tofauti ya seti inafanya kazi nyingine. Ukichukua seti ya Novemba ukaondoa kila aliyemo katika seti ya Januari, unabaki na majina 3, na majina hayo ndiyo kazi ya wiki hiyo ya Afisa Ustawi wa Jamii. Ukigeuza, yaani Januari ukaondoa waliokuwamo Novemba, unapata majina 3 ya wageni waliohamia. Ni orodha mbili tofauti zenye matumizi tofauti, na zote mbili zinafichwa na ile sifuri.

Mfugaji wa Kikurya hufanya tofauti ya seti kila jioni. Anapofunga zizi haishii kwenye hesabu. Anawatambua ng'ombe wake mmoja mmoja kwa rangi na pembe, na akikosekana mmoja anaweza kusema ni yupi na alionekana wapi mara ya mwisho. Rejesta ya shule inastahili uangalizi wa kiwango hicho.

Bhoke yupi?

Mtu anaweza kusema: basi tuingize majina kwenye kompyuta, itatufanyia yenyewe. Kompyuta inaweza kweli. Lugha ya programu ya Python, wanayojifunza vijana wengi, ina seti iliyo tayari kutumika. Ukiiwekea kitu ambacho kimo tayari, haiongezi chochote. Ukiiomba muungano, makutano au tofauti ya seti mbili, inajibu papo hapo.

Namna inavyojibu inafaa kueleweka. Ukitafuta jina kwenye orodha ya kawaida isiyopangwa, unaanza juu na kushuka mstari kwa mstari. Jina likiwa halimo, utasoma orodha nzima kabla ya kujua. Seti ya kompyuta inafanya vingine. Inalichukua jina, inalipigia hesabu maalumu inayotoa namba, na namba hiyo inaonyesha sehemu ya kumbukumbu ambamo jina hilo lingekuwa kama lingekuwamo. Inaangalia pale tu. Kwa hiyo kuuliza "yumo?" katika majina 100 au katika majina 100,000 kunachukua karibu muda uleule. Hesabu hiyo lakini inafuata herufi. Herufi moja ikibadilika, namba inabadilika, na mashine inaangalia mahali pengine kabisa.

Hapo ndipo Tarime na Serengeti tuna kazi yetu wenyewe. Tazameni mistari hii minne ya mfano:

Bhoke Mwita Chacha
Boke Mwita Chacha
Bhoke M. Chacha
Neema Mwita

Mama yake anajua ni mtoto mmoja: Bhoke nyumbani, Neema kwa jina la ubatizo, na kila karani ameandika alivyosikia. Mashine inaona memba wanne. Tunaandika Rhobi na Robi, Ghati na Gati, Weigesa na Wegesa. Upande wa pili, majina yetu ni yaleyale yanayozunguka kizazi hadi kizazi. Katika kijiji kimoja unaweza kuwapata vijana wawili wanaoitwa Mwita Marwa Chacha, wasio ndugu wa baba mmoja. Mashine ikipewa majina yao tu, itawafanya kuwa memba mmoja, na kijana mmoja atakuwa ametoweka kwenye kumbukumbu bila mtu kumfuta.

Katika hisabati, usawa wa memba ni jambo lililokwisha kuamuliwa kabla ya seti kuandikwa. Katika kompyuta, usawa ni uamuzi wa aliyetengeneza daftari. Mwaka 1970 Edgar F. Codd, mtafiti wa kampuni ya IBM, alipendekeza kanzidata zijengwe juu ya nadharia ya seti: jedwali liwe seti ya mistari, na kila mstari utambulishwe kwa ufunguo usiojirudia. Kanzidata nyingi duniani leo zimetokana na pendekezo hilo. Lakini programu nyingi za kanzidata hukubali mistari inayojirudia endapo hukuziambia ufunguo ni upi, na jedwali la Excel halikuulizi kabisa. Ukinunua kompyuta hujanunua seti. Seti inapatikana pale watu wanapokubaliana ni kitu gani kinamfanya huyu awe huyu.

Vitambulisho vya kuanzia tunavyo. Mwanafunzi wa shule ya msingi ana namba ya PReM katika mfumo wa Baraza la Mitihani la Tanzania. Aliyesajiliwa na RITA ana namba ya cheti cha kuzaliwa. Mtu mzima mwenye namba ya NIDA ana tarakimu 20 zisizo za mtu mwingine. Tatizo ni kwamba msichana wa miaka 13 hajafikia umri wa kitambulisho cha taifa, na yule ambaye hajawahi kuandikishwa shule hana namba ya PReM. Aliye katika hatari kubwa kuliko wote ndiye asiye na namba yoyote. Kwa sababu hiyo daftari la wakazi la kijiji linahitaji namba yake lenyewe, inayotolewa mara moja kwa kila mtu, isiyopewa mwingine hata huyo akihama au akifariki, na isiyotegemea jina, kaya wala jina la mlezi, kwa kuwa vyote vitatu hubadilika.

Ramani imetangulia

Kazi ya kukipa kila kitu namba yake ya kipekee imeshafanyika hapa kwetu, kwenye ramani. OpenStreetMap ni ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, na yeyote anaruhusiwa kuiongezea. Mwaka 2015 Janet Chapman alianzisha mradi wa Crowd2Map Tanzania kwa kuwa vijiji vingi vya nchi yetu vilikuwa havionekani kwenye ramani. Watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali huchora nyumba na njia kwa kufuata picha za setilaiti, kisha wenyeji wenye simu huongeza kile ambacho picha haiwezi kusema: majina ya vitongoji, shule, zahanati, makanisa, maduka.

Mkoa wetu uliihitaji ramani hiyo kwa sababu nzito. Rhobi Samwelly, ambaye mwenyewe alikeketwa akiwa msichana, anaongoza shirika la Hope for Girls and Women lenye nyumba salama Mugumu na Butiama. Upande wa Tarime, kituo cha Masanga nacho hupokea mabinti wanaokimbia msimu. Taarifa ikija usiku kwamba binti yuko hatarini katika kitongoji fulani, polisi na wenye nyumba salama wanahitaji kujua kitongoji hicho kiko wapi na njia ipi inafika. Kitongoji kisichokuwamo kwenye ramani hakiwezi kufikiwa kwa haraka.

Ramani hiyo ni darasa zuri la hisabati. Imejengwa kwa vitu vya aina tatu tu. Cha kwanza ni nodi: alama moja yenye namba yake ya kipekee, latitudo na longitudo. Cha pili ni mstari, ambao ni orodha ya nodi kwa mpangilio. Chukueni barabara ya kutoka Tarime kwenda Mugumu, inayopita Nyamongo na kuvuka Mto Mara. Nodi zake zikichanganywa, barabara itaruka huku na huku na kuvuka mto mara kadhaa. Mpangilio hapa ni kila kitu. Na mstari unaozunguka uwanja wa shule huanza na kuishia kwenye nodi ileile, maana yake nodi moja imeandikwa mara mbili kwa makusudi. Mstari kwa hiyo ni orodha, wala hauwezi kuwa seti. Cha tatu ni uhusiano, unaokusanya nodi na mistari kuwa kitu kimoja, kama mpaka wa wilaya. Juu ya vyote hivyo hubandikwa lebo: jina ni hili, aina ya jengo ni hii. Kila aina ya lebo hutokea mara moja tu kwa kitu kimoja na kupewa thamani moja, na hiyo ni fankisheni, mada ya Kidato cha Tatu.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu kosa letu la kawaida ni kutumia karatasi ya aina moja kwa kila jambo. Wasichana wanaoishi kijijini ni seti. Mahudhurio ya kila siku ni orodha, kwa kuwa yana mpangilio wa tarehe na mtu mmoja anajirudia. Uhusiano wa mtoto na kitongoji anacholala leo ni fankisheni: kila mtoto ana kimoja. Uhusiano wa mtoto na walezi si fankisheni, kwa kuwa walezi wanaweza kuwa watatu: mama, bibi na baba mdogo. Fomu yenye nafasi moja ya "mzazi/mlezi" imeshawafuta wawili kabla kalamu haijashikwa.

Ramani hiyo inatufundisha jambo jingine. Seti ya Cantor haibadiliki. Ukiongeza memba mmoja, hiyo ni seti nyingine. Daftari la kijiji linabadilika kila wiki: kuna anayezaliwa, anayehama, anayeolewa, anayekufa. Kalamu ikipita juu ya jina, tumepoteza jibu la swali la nani alikuwapo mwezi uliopita. OpenStreetMap hutunza matoleo ya nyuma ya kila nodi na kila mstari, hata kitu kikishaondolewa kwenye ramani. Daftari zuri lingefanya hivyo: jina halifutwi, linaongezewa tarehe ya kutoka, sababu, na mahali alikokwenda. "Amehama" bila kusema wapi ni neno ambalo ofisi isingelipokea.

Na jina la mahali lenyewe si kitambulisho. Tukisema "Tarime" kwenye taarifa, je, ni Wilaya, Halmashauri ya Wilaya au Halmashauri ya Mji? Tukisema "Serengeti", je, ni wilaya au hifadhi ya taifa? Wilaya ya Serengeti na Hifadhi ya Serengeti ni seti mbili zinazokutana: kuna eneo lililomo katika zote mbili, kuna eneo la wilaya lililo nje ya hifadhi, na kuna eneo kubwa la hifadhi lililo nje ya wilaya. Taarifa zikijumlishwa kwa jina tu, mtoto mmoja anaweza kuhesabiwa mara mbili na mwingine asihesabiwe popote.

Sifuri na ukimya

Kuna seti isiyo na memba hata mmoja. Tunaiita seti tupu, na ni seti kamili yenye maana kamili. Mtendaji wa kijiji akiandika "Nimepitia kaya zote, wasichana wasiorudi shuleni ni sifuri", ametoa taarifa nzito ambayo anaweza kuulizwa juu yake. Asipoleta fomu kabisa, hatujui lolote. Mambo haya mawili yako mbali sana, lakini katika majedwali mengi yanaonekana sawa. Nafasi iliyoachwa wazi inageuka sifuri pale mtu anapojumlisha safu, na kijiji kisichotoa taarifa kinaonekana kuwa kijiji kisicho na tatizo.

Wataalamu wa kanzidata wanalijua tatizo hili na wameweka alama maalumu ya "haijulikani", iliyo tofauti na sifuri na tofauti na neno tupu. Na sisi tunaihitaji kwenye karatasi na kwenye mashine. Kila kijiji kiwe na moja ya majibu matatu: majina haya hapa, nimekagua na hakuna, sijakagua. Jibu la tatu lisiwe aibu kwa mtendaji, kwa sababu mara nyingi anasimamia vitongoji vilivyotawanyika bila usafiri. Lakini lionekane, ili wilaya ijue pikipiki ipelekwe wapi kwanza.

Kijiji, ukoo na mpaka

Hisabati ina kitu kinachoitwa mgawanyo: kuigawa seti katika mafungu ambapo kila memba yumo katika fungu moja na moja tu. Utawala wetu ni mgawanyo wa aina hiyo, mkoa kwa wilaya, wilaya kwa kata, kata kwa vijiji, vijiji kwa vitongoji. Taarifa zetu zote hupanda kwa ngazi hizo.

Msimu lakini haufuati ngazi hizo. Wazee wa mila huuamua kwa ukoo: Wakira wana wao, Wairege wana wao, na vivyo hivyo Wanyabasi, Wanchari, Watimbaru, Warenchoka, Wanyamongo na koo nyinginezo. Ukoo mmoja unaweza kutangaza msimu wakati wa jirani haujatangaza. Kwa hiyo watu walewale wamegawanywa kwa namna mbili, na taarifa iliyopangwa kwa kata peke yake inaficha mgawanyo unaotangulia tukio. Afisa akijua ukoo fulani umetangaza msimu, swali lake ni makutano: wasichana wa umri fulani, wa ukoo huo, walioko katika kata hizi. Jedwali lisilo na safu ya ukoo haliwezi kumjibu. Ninajua kutaja ukoo kwenye makaratasi kunahitaji hekima, hasa katika wilaya iliyowahi kuona mapigano ya koo. Safu hiyo iwepo kwa kazi hii ya ulinzi wa mtoto, ionekane na wachache, na isitumike kwa lolote jingine.

Mpaka nao unahusika. Wakira, Wairege na Wanyabasi wako pia upande wa Kenya. Msichana wa Sirari anaweza kupelekwa kwa shangazi yake ng'ambo ya Isebania, na wa ng'ambo akaletwa kwetu, ingawa Kenya nayo ilitunga sheria yake ya kupiga marufuku ukeketaji mwaka 2011. Kwenye rejesta yetu atakuwa ametoweka, na kwenye rejesta ya huko atakuwa mgeni. Tofauti ya seti ya upande mmoja ikilinganishwa na wageni wapya wa upande wa pili, makutano yake yatatoa majina. Ofisi za ustawi wa jamii za pande mbili zinaweza kufanya kazi hiyo kila Januari kwa kikao cha siku moja.

Nani aone nini

Orodha ya mabinti walio hatarini ikifika kwa asiyestahili, inakuwa silaha dhidi yao. Ndiyo maana ninasisitiza seti ndogo. Mtendaji wa kijiji aone wa kijiji chake. Mwalimu aone wa shule yake. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lione kesi zilizoripotiwa. Diwani aone idadi na hali ya ufuatiliaji bila majina. Kila mmoja apate seti ndogo inayomtosha kwa kazi yake, na kumbukumbu ya nani alifungua orodha na lini itunzwe pia.

Hili si hiari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu azikusanye kwa kusudi linalojulikana na azilinde. Majina ya watoto hayatumwi kwenye kundi la WhatsApp la kata. Kishikwambi kisicho na nywila hakibebi orodha hii.

Ninayowaomba

Waheshimiwa, haya ndiyo maombi yangu, na ninaamini yanaweza kuanza kutekelezwa kwa daftari na kalamu, kabla ya fedha yoyote ya mifumo.

Kwanza, kila shule ya msingi na sekondari katika halmashauri zenu tatu ifunge orodha ya wasichana wote ya siku ya mwisho ya muhula, kwa majina na namba zao, na nakala ikae kwa Afisa Elimu Kata. Baada ya wiki mbili za kwanza za masomo Januari, orodha ya pili ilinganishwe nayo jina kwa jina. Matokeo yanayopelekwa ngazi ya juu yawe majina ya tofauti pamoja na jumla.

Pili, kila jina lililo kwenye tofauti lipewe mtu mmoja wa kulifuatilia na tarehe ya kutoa jibu. Jibu litaje mahali mtoto alipo na nani amemwona kwa macho yake.

Tatu, daftari la wakazi la kila kijiji liwe na namba ya kudumu ya mkazi, na nafasi ya majina yote ambayo mtoto anaitwa: la nyumbani, la shule, la ubatizo, na tahajia zake. Watoto wasioandikishwa shule waingizwe kwa jitihada ya pekee, mwenyekiti wa kitongoji akipita nyumba kwa nyumba.

Nne, fomu zote zitofautishe "hakuna" na "sijakagua", na wilaya ichapishe kila mwezi vijiji vilivyo katika kundi la pili.

Tano, baraza la madiwani liamue kwa azimio nani ana haki ya kuona orodha ipi, kabla orodha ya kwanza haijaingizwa kwenye mashine yoyote.

Sita, na hili naliomba kama mwalimu: tuwatumie vijana wetu. Mwanafunzi wa Kidato cha Pili anachora miduara miwili inayokutana na kuandika humo herufi na namba zisizomhusu, kwa Kiingereza anachohangaika nacho. Mpeni badala yake majina ya vijiji vya kata yake: vyenye zahanati katika duara moja, vyenye shule ya sekondari katika jingine. Mwambieni aeleze kwa Kiswahili vijiji vilivyo nje ya miduara yote miwili vina maana gani. Atakayeelewa hapo ndiye atakayekuja kutengeneza kanzidata ya halmashauri, na atajua kumwuliza mtendaji swali la kwanza linalostahili kuulizwa: katika daftari lako, mtu mmoja ni nini?

Ninajua mzigo mlio nao. Ninajua watendaji wanaoandika kwa mkono taarifa nyingi zinazotakiwa na ofisi tofauti wiki ileile, na walimu wanaofundisha madarasa makubwa kisha kukaa jioni kujaza fomu. Siombi fomu nyingine. Ninaomba zile zilizopo zijazwe kwa namna ambayo zinaweza kulinganishwa, ili kazi iliyokwisha kufanyika iweze kumsaidia mtoto.

Ninapendekeza suala hili liwe ajenda ya kikao cha baraza cha robo mwaka ijayo katika kila halmashauri, na kata mbili katika kila moja zijaribu ulinganisho wa kwanza Januari inayofuata. Walimu wenzangu wa hisabati tuko tayari kukaa na watendaji wa kata hizo, daftari likiwa mezani, na kupitia nao majina mpaka orodha ya tofauti ipatikane na kila aliyemo apate mtu wa kwenda kumtafuta.

Wenu katika utumishi,
Mwalimu wa hisabati, Mkoa wa Mara